Vidole Tisa na Nusu

Muuguzi aliandika bila kuniangalia:
miezi kumi na tisa, bado anazoa kwa kiganja,
kama koleo.
Kisha akaniangalia. Mkono.
Kidole changu cha shahada kinaishia kifundoni;
nusu ya pili niliiacha kiwanda cha mbao
kabla sijaoa.
"Mpeni mikono kazi," akasema, "wala msinunue kitu."
Kama kwamba tulikuwa na cha kununulia.

Basi ndiyo Julai hii ya Punta Arenas:
jua linachomoza saa nne, kwa kusukumwa,
upepo unalivuta bati la paa kama mdai,
Yessenia karudi zamu ya usiku, kalala na soksi zake,
na sisi wawili jikoni, mimi na Millaray,
tunanong'ona.

Trei la mayai. Dengu kavu kumi na mbili,
kila shimo na dengu yake.
Nazihesabu kabla, nazihesabu baada,
maana kinywa cha mtoto hakina bawabu.
Jumanne zilikuwa kumi na moja.
Nikamfungua kinywa, nikampekua chini ya ulimi,
nikapangua meza, nikainua zulia, jasho jembamba,
naye ananitazama kama mchezo ndiyo kwanza umekolea.
Ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya kiatu changu.

Tumechana gazeti zima, kurasa za michezo kwanza.
Tumekanda unga na chumvi; alitengeneza nyoka,
nyoka mwingine, na kitu alichokiita "baba".
Kilikuwa nyoka.
Tambi kavu tumezichomeka kwenye chujio
mpaka likaota miiba kama nungunungu,
zikavunjika, tukachomeka mavunjiko.
Hakuna aliyempongeza mwenzake. Kazi ilikuwa kazi.

Vibanio vya nguo ndivyo vilivyotushinda.
Springi ngumu, ukingo wa kopo la maziwa unateleza.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa;
hawakusema kimoja na nusu hufanyaje.
Mimi hubana kwa gumba na cha kati,
kile kibutu nakikunja pembeni kisije kikagongwa.
Miaka kumi na moja. Sikumbuki tena kwamba nakikunja.

Alhamisi akabana.
Kibanio kikafumbua kinywa, kikauma kopo, kikakaa.
Nikainua mikono nishangilie, ikabaki hewani:
gumba lake. Kidole chake cha kati.
Na kile cha shahada, kizima, chenye kucha yake,
amekikunja pembeni.

Nikaketi. Sikujua nimsahihishe nani.
Akabana cha pili vilevile, cha tatu vilevile,
kwa adabu, kama anayefuata desturi ya ukoo.

Yessenia alikuwa mlangoni, nywele zimelala upande mmoja.
Sijui alisimama hapo tangu lini.
Akachuchumaa, akakikunjua kile kidole taratibu,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake,
akakiweka juu ya kibanio.
"Na hiki ni chako pia," akamwambia.

Millaray akakitazama. Akakijaribu kwenye chembe ya mkate:
akaiokota, ikadondoka, akaiokota.
Halafu akaushika mkono wangu,
akakivuta kile kibutu, mara mbili,
akangoja.
Hakikutoka kitu.

Akashuka kitini,
akainama,
akaanza kutafuta ndani ya kiatu changu.